Hoteli ya Bustani ya Burudani kwa Safari ya Babu, Bibi, Wazazi na Wajukuu: Mwongozo Kamili

Safari ya vizazi vitatu kwenye bustani kubwa ya burudani huanza kuharibika saa nane mchana. Mtoto wa miaka mitatu amesinzia begani kwa baba yake. Bibi miguu imevimba na hasemi. Kijana wa miaka 14 ndiyo kwanza anakaribia mbele ya foleni aliyoililia tangu asubuhi. Hapo kuna swali moja tu la maana: je, bibi na yule mdogo wanaweza kurudi chumbani bila kuwalazimisha wengine wote wafungashe waondoke nao?

Hoteli inayojibu swali hilo kwa "ndiyo" ndiyo hoteli yenu. Bwawa zuri, mapambo ya ukumbini, wahusika wa katuni kwenye mapazia, hayo yote yaje baadaye. Mwongozo huu umejengwa juu ya swali hilo. Mifano mingi nimeichukua Walt Disney World iliyoko Florida, Marekani, kwa sababu eneo hilo moja lina bustani nne na hoteli zaidi ya 25 za kila aina, kwa hiyo ni rahisi kuonyesha tofauti. Lakini hatua ni zilezile hata mkienda Paris, Tokyo au kwingineko.

Hatua ya 1: Andika watu kabla ya kuandika hoteli

Chukua karatasi. Kila msafiri mpe mstari wake, na mbele ya jina lake andika mambo manne: umri, umbali anaoweza kutembea bila kupumzika, anahitaji kulala mchana au la, na anaweza kupanda ngazi au la. Kwa watoto ongeza urefu kwa sentimita, maana michezo mikubwa ina kipimo. Slinky Dog Dash inataka mtoto awe na sentimita 97, Space Mountain inataka 112. Ukijua mapema kwamba wajukuu wawili hawafiki kipimo, umeshajua kwamba kila siku kutakuwa na kundi la pili litakalomaliza mapema na kutaka kurudi.

Wazee waulize wenyewe, na usiwaulize mbele ya watu. Mzee akiulizwa mezani mbele ya wajukuu kama anaweza kutembea, atasema anaweza. Muulize pembeni: "Mama, safari ya mwisho sokoni ulipumzika mara ngapi?" Jibu la swali kama hilo ndilo la kuandika. Siku ya bustani mtu hutembea zaidi ya kilomita 10 bila kujua, na njia ya kuzunguka ziwa la EPCOT, mojawapo ya zile bustani nne, peke yake inakaribia kilomita mbili. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayepanga safari mara nyingi ndiye mwenye miguu mizima kuliko wote.

Ukimaliza, tafuta mstari wa mtu dhaifu kuliko wote. Hoteli inachaguliwa kwa ajili yake. Wenye nguvu watajipanga popote.

Hatua ya 2: Pima njia kutoka kitandani hadi langoni

Hapa ndipo familia nyingi hukosea, nami nimewahi kukosea. Tuliwahi kuchukua hoteli iliyotangaza kwamba iko dakika kumi kutoka bustanini. Ilikuwa kweli: dakika kumi za basi, kuanzia kituo cha basi. Kutoka chumbani kwetu hadi kituoni ilikuwa safari nyingine, na kusubiri basi ilikuwa ya tatu. Mama yangu alirudi chumbani mchana mara moja tu, siku ya kwanza. Siku zilizofuata alikaa kwenye benchi bustanini akisema hana shida.

Kwa hiyo umbali uhesabu kwa vipande vitano: chumba hadi lifti, lifti hadi kituo au njia ya miguu, kusubiri, kusafiri, na kushuka hadi getini. Kwenye getini kuna ukaguzi wa mizigo pia. Jumlisha. Ikizidi dakika 40 kwa upande mmoja, mapumziko ya mchana hayatafanyika, hata mkiahidiana.

Njia za usafiri si sawa kwa mtu mwenye mkongojo au mama mwenye kigari cha mtoto.

Kutembea kwa miguu ndiko bora kuliko vyote kama njia ni fupi, kwa sababu hakuna kusubiri. Hoteli ya Contemporary, iliyofunguliwa mwaka 1971 pamoja na bustani ya Magic Kingdom, iko umbali wa kutembea hadi getini. Beach Club, Yacht Club na BoardWalk zimelizunguka ziwa dogo karibu na geti la nyuma la EPCOT. Kule Disneyland Paris, Disneyland Hotel imesimama juu ya lango lenyewe la bustani. Tokyo, hoteli ya MiraCosta imejengwa ndani ya bustani ya DisneySea. California, Grand Californian ina mlango wake wa kuingilia bustani ya California Adventure.

Hata hivyo, usidhani jina la bustani kwenye bango la hoteli ni dhamana ya ukaribu. Huko huko California, baadhi ya hoteli za watu binafsi zilizo ng'ambo ya barabara ya Harbor Boulevard ziko karibu na geti kwa miguu kuliko baadhi ya hoteli zinazomilikiwa na Disney yenyewe. Fungua ramani, upime.

Treni ya reli moja ya Walt Disney World hupita Contemporary, Polynesian na Grand Floridian. Kigari cha mtoto na kiti cha magurudumu vinaingia bila kukunjwa, jambo ambalo mwenye mtoto aliyelala atalishukuru sana.

Vibanda vya kebo vinavyoning'inia, viitwavyo Skyliner, vilianza Septemba 2019. Vinaunganisha bustani za EPCOT na Hollywood Studios na hoteli za Caribbean Beach, Riviera, Pop Century na Art of Animation. Kibanda kimoja hubeba hadi watu 10, na kigari huingia kikiwa wazi. Kwa familia ambayo haiwezi kulipa bei ya hoteli za langoni, huu ndio usafiri ninaoupendekeza. Lakini ujue mambo mawili: havina kiyoyozi, na husimamishwa kukiwa na radi. Florida kuanzia Juni hadi Septemba mvua ya radi ya alasiri ni jambo la kawaida, yaani wakati uleule ambao mzee anataka kurudi. Hapo mtategemea basi.

Basi hufika kila mahali, na ndiyo sababu hoteli nyingi hulitegemea. Ugumu wake ni kwamba mara nyingi kigari cha mtoto hukunjwa kabla ya kupanda, mtoto anabebwa, mifuko inabebwa, na usiku baada ya fataki watu husimama. Familia yenye watu wazima wenye nguvu wanne wanaomudu hayo wala isiogope basi. Bibi mmoja na mjukuu mmoja wakirudi peke yao, hiyo ni kazi nyingine.

Tazama pia hoteli yenyewe imejengwaje. Nyingine ni jengo moja refu lenye lifti. Nyingine ni majumba yaliyotawanyika. Caribbean Beach imezunguka ziwa, ina vituo kadhaa vya basi vya ndani, na majengo yake ya vyumba ni ya ghorofa mbili yasiyo na lifti. Chumba cha juu hapo, kwa mtu mwenye magoti mabovu, ni ngazi kila anaposahau dawa. Ukichagua hoteli ya namna hiyo, omba ghorofa ya chini na jengo lililo karibu na usafiri, na kama kuna aina ya chumba inayouzwa kwa jina la ukaribu, lipa hiyo nyongeza. Ni pesa yenye faida kuliko chumba chenye kutazama bwawa.

Hatua ya 3: Amua mtalalaje

Familia ya watu tisa, tuseme, ina njia tatu za kulala, na kila moja ina bei yake isiyoandikwa.

Njia ya kwanza ni vyumba viwili au vitatu vya kawaida. Ni rahisi kupatikana, kila kaya ina bafu lake, na mzee anazima taa saa anayotaka. Hapa jifunze tofauti moja ambayo imewaponza wengi: vyumba jirani si vyumba vilivyounganishwa. Vyumba jirani vimepakana ukuta tu. Ili uende kwa mama usiku unatoka nje kwenye korido. Vyumba vilivyounganishwa vina mlango wa ndani kati yao. Ukipiga simu usiseme "tukae pamoja." Sema, "tunataka mlango wa ndani kati ya vyumba hivi viwili," kisha uulize kama hilo ni ahadi au ni ombi tu. Hoteli nyingi hulichukua kama ombi. Kama mtoto mdogo atalala upande wa babu na bibi, tafuta hoteli itakayoliandika kwenye uthibitisho wa nafasi.

Njia ya pili ni chumba cha familia. Art of Animation ina vyumba vya kulaza watu sita vyenye mabafu mawili na jiko dogo la kupashia chakula. Angalia vizuri unapochagua, maana sehemu ya hoteli hiyo, ile ya Little Mermaid, ni vyumba vya kawaida. Cabana Bay, hoteli ya Universal Orlando (eneo jingine la bustani za burudani huko huko Florida), nayo ina vyumba vya watu sita. Idadi hiyo ya "watu sita" isome kwa tahadhari. Ni idadi ya wanaoruhusiwa, na inahesabu kochi linalokunjuliwa kuwa kitanda. Swali lako liwe: nani atalala kwenye kochi? Kama jibu ni babu, chumba hicho hakiwatoshi. Kochi liko sebuleni pia, kwa hiyo anayelala hapo hulala wa mwisho na kuamshwa wa kwanza.

Njia ya tatu ni nyumba nzima: vyumba viwili au vitatu, sebule, jiko kamili na mashine ya kufulia. Walt Disney World ina nyumba za vyumba viwili zinazolaza watu wanane au tisa, na za vyumba vitatu zinazolaza 12. Efteling, bustani ya burudani kule Uholanzi, ina kijiji cha Bosrijk chenye nyumba za namna hii. Disneyland Paris ina Davy Crockett Ranch yenye nyumba ndogo za msituni zenye jiko, ila hapo ni lazima muwe na gari lenu. Mimi naipenda njia hii kwa familia inayoelewana, kwa sababu ya sebule. Watoto wakilala saa mbili usiku, wakubwa wana mahali pa kukaa na kuongea bila kunong'onezana gizani, na kwa wengi maongezi hayo ndiyo sababu ya kusafiri pamoja. Kwa familia yenye mivutano, kati ya mkwe na wifi tuseme, vyumba tofauti vilivyo karibu vitalinda undugu zaidi.

Ukubwa usikupumbaze ukasahau hatua ya pili. Hoteli ya Old Key West, ya Walt Disney World, ina nyumba pana kuliko nyingi, lakini majengo yake mengi hayana lifti. Machache tu ndiyo yenye lifti. Mkiipenda, sharti lenu la kwanza liwe jengo lenye lifti au ghorofa ya chini.

Hesabu mabafu. Kila mtu hutazama vitanda, ilhali ugomvi wa saa moja asubuhi hutokea mlangoni pa bafu. Bafu moja kwa watu wanne ni sawa. Bafu moja kwa watu sita, wawili wakiwa wazee, litawachelewesha kila siku.

Kama yuko anayetumia kiti cha magurudumu au asiyeweza kuinua mguu kuingia kwenye beseni la kuogea, neno "chumba cha walemavu" peke yake halitoshi. Kuna vyumba vyenye bafu la kuingia moja kwa moja bila kizingiti, na kuna vyenye beseni la kawaida lililowekewa vishikio ukutani. Vyote viwili huuzwa kama vyumba vya walemavu. Taja unachotaka. Uliza pia urefu wa kitanda kutoka sakafuni, na kama chini ya kitanda kuna nafasi ya miguu ya winchi ya kumnyanyua mtu, kama mnaitumia.

Skuta ya umeme ya kukalia huwafaa sana wazee wanaotembea vizuri nyumbani lakini hawamudu siku nzima. Ile inayokodishwa ndani ya bustani haitoki nje ya geti. Ukitaka imfikishe mzee hadi kitandani, kodi kwa kampuni ya nje inayoileta hotelini, na hakikisha chumba kina nafasi ya kuigeuza na soketi ya kuichaji.

Hatua ya 4: Itazame hoteli kama mtu atakayeshinda humo

Katika kila safari ya namna hii kuna mtu atakayebaki hotelini angalau siku moja. Kaa kwenye nafasi yake. Atakaa wapi kwenye kivuli? Atatazama nini? Bwawa lina upande unaoingilika kwa mteremko kama ufukweni, au ni ngazi za chuma tu? Je, kuna chakula ndani ya jengo analolala, au atavuka viwanja?

Ndiyo maana sitamkataza mtu kuchagua Animal Kingdom Lodge, ingawa iko mbali na usafiri wake ni basi. Imejengwa kuzunguka mbuga ya nyasi wanamozunguka twiga, pundamilia na swala, na si lazima ulipie chumba cha upande wa wanyama kuwaona. Kuna sehemu za wazi za kukaa na kutazama. Babu anayependa utulivu atashinda hapo kwa furaha, na mjukuu atamfuata. Polynesian nayo iko kando ya maji, na jioni fataki za Magic Kingdom huonekana kutoka ufukweni pake. Mtu aliyechoka anaziona bila kuingia kwenye msongamano hata kidogo.

Kama nyote mtashinda bustanini tangu kufunguliwa hadi kufungwa, hatua hii iruke. Lakini ikague karatasi yako ya hatua ya kwanza kabla hujasema hivyo.

Hatua ya 5: Hesabu gharama nzima

Bei ya usiku mmoja haikuambii kitu. Weka hoteli tatu zilizobaki kwenye orodha, kisha kila moja ijumlishie kodi, ada za hoteli, maegesho, usafiri wa kutoka uwanja wa ndege na wa kila siku, na chakula cha asubuhi kwa watu wote. Jiko au hata friji na kipasha chakula hupunguza pesa nyingi mkiwa tisa, na humsaidia mwenye kisukari kula kwa saa zake.

Upande wa pili weka kile hoteli inachokupa. Wageni wa hoteli za Walt Disney World huingia bustanini dakika 30 kabla ya wengine, kila siku. Kwa wazee na watoto wadogo wanaoamka alfajiri, dakika hizo zina thamani kubwa: mnafanya michezo miwili mitatu bila foleni, kisha mnarudi kupumzika jua likikaza. Kwa familia isiyoamka kabla ya saa nne, hazina thamani yoyote. Universal Orlando, hoteli tatu za Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific humpa mgeni pasi ya kuruka foleni katika bustani zake mbili za zamani. Bustani yake mpya, Epic Universe, iliyofunguliwa Mei 2025, haimo. Ukilinganisha bei ya pasi hizo mkinunua wenyewe kwa watu wanane, hoteli ghali inaweza kuwa nafuu. Kule Efteling, bei ya malazi hujumuisha kuingia bustanini.

Tiketi zisiwe sawa kwa wote. Walt Disney World mtoto wa chini ya miaka 3 hahitaji tiketi, na kuanzia miaka 10 analipa kama mtu mzima. Bibi atakayeingia siku mbili asinunuliwe siku tano kwa sababu tu wengine wamenunua tano. Tofauti hiyo ndiyo inayoweza kulipia chumba kilicho karibu na geti, na yeye ndiye atakayefaidi.

Semeni mapema nani analipa nini. Mara nyingi mzee hutaka kulipia familia nzima, na wanaye wakanyamaza kwa heshima, wakaja kugundua bei imewazidi wote. Njia niliyoona ikienda vizuri: kila kaya inalipia chumba chake na tiketi zake, wazee wakitaka kutoa wanatoa kitu kimoja kinachojulikana, kama chakula cha jioni ya mwisho.

Hatua ya 6: Weka nafasi, kisha fuatilia

Mtu mmoja ashike uthibitisho wote, na wa pili awe na nakala. Chagueni bei inayorudishwa hata kama ni ya juu kidogo; mnapokuwa tisa, uwezekano wa mmoja kuugua ni mkubwa, na Florida msimu wa vimbunga huanza 1 Juni hadi 30 Novemba. Soma tarehe ya mwisho ya kughairi na uiandike kwenye kalenda.

Omba mambo machache. Ukiandika maombi kumi, anayepanga vyumba hajui lipi ni la lazima. Mawili yanatosha: "mlango wa ndani kati ya vyumba" na "karibu na lifti, kwa sababu ya mzee asiyeweza kutembea mbali." Toa sababu. Siku nne au tano kabla ya kufika, piga simu hotelini kwenyewe, si kwenye ofisi kuu ya kuuza nafasi, na urudie maombi hayo mawili kwa upole.

Mkifika, msifungue masanduku kwanza. Mtu mmoja aende na mzee polepole kutoka chumbani hadi kituoni au getini, wakitazama saa, wakihesabu mahali pa kukaa njiani. Kama njia imemshinda, rudini mapokezi muda huohuo mwombe chumba kingine. Hoteli hubadilisha kwa urahisi chumba ambacho kitanda chake hakijalaliwa; kesho asubuhi, nguo zikishatundikwa na watoto wakishaloweka taulo, itakuwa kazi.